MiG-21MF ya Eduard, kipimo cha 1/72: uzoefu wangu nikiwa Mwanza

Nimemaliza kuunganisha modeli ya plastiki ya MiG-21MF, ndege ya kivita ya Kisovieti, iliyotengenezwa na Eduard, kampuni ya Ucheki, kwa kipimo cha 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), toleo la ProfiPACK. Kwa anayejiuliza kama inastahili pesa yake, jibu langu ni ndiyo. Usafiri hadi Mwanza unaipandisha bei sana, hilo mtu alijue mapema kabla hajaagiza.

Ndege hii niliichagua makusudi. Sisi wa Pasiansi na Ilemela ndege za jeshi hatuzishangai, kwa kuwa uwanja wetu unatumiwa na raia na jeshi la anga pia. MiG-21 jeshi letu lilikuwa nazo wakati wa Vita vya Kagera, na Idi Amin naye alikuwa nazo. Mwaka 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma Tu-22, ndege ya kudondosha mabomu, kuja kuipiga Mwanza. Silaha zake zikaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliokuwa wakifugwa pale. Wazee bado wanaisimulia habari hiyo. Ndiyo maana sikuvutiwa na F-16, ingawa modeli zake ni nyingi sokoni.

Ndege halisi ina upana wa mabawa wa mita 7.15 tu. Gawanya kwa 72, unapata karibu sentimita 10, kitu cha kukaa kwenye kiganja. Na katika udogo huo wamechora mistari ya mabati pamoja na riveti, tena kwa kuzichimba ndani ya plastiki. Faida yake unaiona mwishoni: ukipitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa ikawa nyepesi juu ya rangi iliyokauka kisha ukafuta kwa kitambaa, nyeusi inabaki kwenye vishimo na mwili wote unajitokeza. Mimi kwa hilo pekee ningeinunua tena.

Toleo la ProfiPACK lina pia vipande vya shaba vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, na dashibodi ya rubani imeshapakwa rangi kiwandani, saa zake zote zinaonekana. Shaba haishikwi na gundi ya plastiki, inataka supaglu, na supaglu yenyewe ichovye kwa ncha ya sindano. Isisogee karibu na kioo cha rubani, maana mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiotoka. Kioo nilikibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inakuwa angavu.

Gundi maalumu ya modeli ni shida kuipata huku, na kwa kuwa inashika moto haisafirishwi kirahisi kwa ndege. Nilitumia thina ya rangi za magari. Unashikanisha vipande viwili, unagusa kwenye kiungo kwa brashi nyembamba, thina inajivuta yenyewe kwenye ufa, inayeyusha plastiki kidogo na vipande vinakuwa kitu kimoja. Ijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu, vile vijiti vya plastiki ambavyo vipande huja vimeshikana navyo, kwa sababu thina hazilingani ukali. Fungua madirisha yote, na watoto wakae mbali. Mabaki hayo hayo ya fremu ukiyaloweka kwenye thina ndani ya kichupa cha glasi yanakuwa uji mzito wa kuzibia mianya, nao ukikauka unapigwa msasa sawasawa na plastiki yenyewe.

Msasa ndio uliokula muda wangu mwingi, na sijutii. Nilitaka rangi ya fedha, kama MiG-21 nyingi za miaka ya mwanzo zilivyokuwa, na rangi ya fedha haifichi kitu. Kiungo kinachopita juu ya mgongo na chini ya tumbo kinatakiwa kipotee kabisa. Nilianza na namba 400, nikaenda 1000, nikamalizia na 2000 kwa maji, halafu prima, halafu kukagua juani na kurudia palipobaki mkwaruzo. Misasa yote hiyo inapatikana kwenye maduka ya rangi za magari. Mzee anayeniuzia rangi alinionya, "Kijana, hii piga nyepesi nyepesi, ukiimwaga itakula plastiki yako," na ndivyo ilivyo: rangi ya gari inapigwa juu ya prima, kwa mikono mingi myembamba.

Anayeishi karibu na ziwa apake rangi asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unaleta vumbi, na jioni wale vijidudu wanaopanda kutoka majini wanafuata taa na kunasa kwenye rangi mbichi. Nilikuwa nikimaliza kupaka naifunika ndege kwa beseni la plastiki hadi ikauke.

Mrija mrefu wa puani, ule wa kupimia mwendo wa hewa, niliutengeneza kwa sindano ya duka la dawa. Ni wa chuma, umenyooka, na hauogopi kuguswa. Kwenye MF mrija huo uko juu ya pua ukiwa umesogea upande wa kulia, kwa hiyo usiuweke katikati.

Kwa anayeanza, Eduard wana pia matoleo ya Weekend, ambayo kwa kawaida hayana shaba na bei yake ni nafuu. Ningemshauri aanze huko.

Alama za nchi bado sijaweka. Nataka za kwetu, na printa za kawaida hazichapi rangi nyeupe wala hazitoi stika za maji, zile zinazolowekwa kwanza ndipo zibandikwe. Mwenye kujua duka, Mwanza au hata Dar, linaloweza kuchapa stika hizo kwa udogo huu, naomba aniambie.