Hadithi za zamani zilizosimuliwa upya: ununue ipi kwanza

Mpwa wangu juzi alimaliza Robinson Crusoe, ile hadithi ya Daniel Defoe ya mzungu anayekwama kisiwani, anaokoa mtu anayemuita Friday na kumfanya mtumishi wake. Ilikuwa kopi ya mtumba tuliyotoa kwa wale wanaotandaza vitabu chini hapa Nakuru, akaniuliza, "Aunty, kwani huyu Friday kwao alikuwa anaitwa nani?" Nilikosa jibu. Defoe mwaka wa 1719 hakuona haja ya kusema, Crusoe anampa tu jina la siku halafu anamfundisha kumuita Master, na kabla ya hapo alikuwa ameshamuuza Xury, kijana aliyetoroka naye utumwani. Ndio nikaanza kutafuta vitabu vinavyorudia hizi hadithi kutoka upande ule mwingine, wa kina Friday.

Namba moja ni James ya Percival Everett, ya 2024, wala usisite. Ni ile safari ya Huckleberry Finn, kijana mzungu wa kitabu cha Mark Twain, kwenye mto Mississippi kule Marekani lakini anayesimulia ni Jim mwenyewe, yule mtumwa anayetoroka. Kuna mahali anafunza watoto: umeona jikoni kwa mama mzungu kunawaka, utamwambiaje? Mtoto anasema moto, moto! Jim anakataa, lazima uzungukezunguke na Kiingereza cha kuvunjavunja mpaka mama mwenyewe ndiye atamke moto, asione ameambiwa na mtumwa. Hapo niliweka kitabu kwa meza nikakaa tu. Kilishinda Pulitzer, tuzo kubwa ya vitabu Marekani, 2025. Lakini si cha mtoto mdogo, kuna mtu anauawa kwa sababu ya penseli.

Ukiona ile chapa ya Huckleberry Finn ya 2011 ambayo walitoa lile tusi la watu weusi, zaidi ya mara 200, wakaweka "slave", hiyo mimi siwezi nunua. Tusi limeenda lakini Jim bado hajapewa nafasi ya kuongea.

Namba mbili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 1994 kwa Kiingereza na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili. Si marudio ya kitabu kimoja, ila kama kwenu kulikuwa na Mashimo ya Mfalme Sulemani, wazungu wakiingia bara kutafuta almasi, hapa unaingia bara na msafara wa wafanyabiashara wa pwani, ukiwa na Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake. Na Gurnah hatupendelei, anaonyesha vile sisi kwa sisi pia tuliuzana.

Tatu ni Foe ya Coetzee, 1986, inayorudia ile ya Crusoe. Fupi lakini ngumu, Friday hapo hana ulimi, jina lake bado hulipati. My Jim ya Nancy Rawles, ya 2005, mke wa Jim akimsimulia mjukuu, nunua ukibahatika kuiona.

Jihadhari na vitabu vya fotokopi lakini. Mimi nilitoa James moja kando ya barabara, kufika katikati kurasa zinajirudia na zingine hazipo, kwa hivyo kabla ulipe fungua kote, fuata namba za kurasa. Nikaagiza ingine Nairobi ikakuja na matatu. Mpwa wangu ameanza na Peponi, James namuwekea mpaka afike sekondari.