Return to Monkey Island: nimeimaliza, haya ndo maoni yangu

Aliyewahi kumaliza Monkey Island 2 anajua lile deni. Gemu la 1991, wewe ni Guybrush, kijana haramia, unahangaika na adui yako LeChuck, haramia aliyekufa akafufuka, kwenye yale mahandaki mpaka jasho linakutoka, afu ghafla bin vuu Guybrush na LeChuck wanageuka watoto wawili ndani ya bustani ya michezo, wazazi wanawaita twendeni, kwisha habari. Ron Gilbert, mbunifu wake, akaondoka LucasArts, kampuni iliyolitengeneza, na jibu akaondoka nalo. Zikaja zingine, Curse 1997, Escape 2000, Tales 2009, na Curse naipenda mpaka leo nisisikie mtu anaibeza, ila Gilbert hakuwa kwenye usukani na lile swali la siri ya kisiwa, ile iliyo kwenye jina la gemu la kwanza kabisa, kila mtu alilizunguka tu. Kwahiyo Gilbert alipoandika Aprili mosi 2022 kwamba anatengeneza Monkey Island mpya, wengi tukajua ni uongo wa siku ya wajinga. Kumbe kweli, yeye na mwenzake wa tangu zamani Dave Grossman, na tarehe 19 Septemba mwaka uleule likawa sokoni.

Na linaanzia palepale, bustanini, na watoto. Namna walivyolimaliza lile suala la 1991 sisemi, ila wamelimaliza mapema mno tena kwa ujanja, nilicheka peke yangu kama chizi. Baada ya hapo unakuta gemu zima ni hadithi, Guybrush mtu mzima amekaa kwenye benchi anamsimulia mwanae Boybrush, na dogo hanyamazi, anakatiza, anauliza, kuna mahali haamini kabisa anachoambiwa. Lishike hilo kichwani maana kila kitu kingine kinaning'inia hapo.

Mfano grafiksi. Mnakumbuka zile kelele kabla halijatoka, watu wanataka pikseli za 1990, matusi mpaka aibu. Aliyesimamia michoro ni Rex Crowle, na kweli ni ya ajabu, watu wana pembepembe, macho kama sahani, nyumba zimepinda utadhani zimekatwa na mkasi kwenye karatasi. Picha za mnato zilinichefua hata mimi. Ila ukishaanza kucheza inatembea vizuri mno, taa za mji wa kisiwa cha Mêlée usiku, ukungu msituni, na ukikumbuka kwamba unachokiona ni kisa baba anamsimulia mtoto, yaani ilitakiwa ifanane na nini kama sio hivyo? Wanaosema imeharibu kumbukumbu zao wasubiri wafike mwisho ndo waongee. Kasoro ninayokubali ni nyuso, baadhi ya maharamia hawana sura ya kukaa kichwani, ukimtoa huyu ukamweka yule hushtuki.

Kwenye kuchezesha wamefuta ile orodha ya vitenzi tisa ya gemu za zamani, chukua, fungua, sukuma na wenzake, chini ya skrini. Sasa hivi ukipeleka mshale juu ya kitu, Guybrush anakuandikia anachowaza kufanya, kitufe cha kushoto jambo moja, cha kulia lingine, na maneno yenyewe ni utani tupu, nikawa napitisha mshale kwenye kila pipa na kila mlango nisome tu. Ukibofya mara mbili anakimbia. Kidogo hicho, lakini nani anataka kumwangalia jamaa anakata mtaa kwa mwendo wa kinyonga kila akisahau kitu?

Mafumbo sasa. Mwanzoni unachagua, kuna ngazi ya kawaida na ngazi ngumu, na ushauri wangu chagua ngumu hata kama hujawahi kugusa gemu za namna hii, kwasababu kwenye ile nyepesi wamekata hatua nyingi na hatua ndo gemu lenyewe. Chukua kisa cha mopu. LeChuck anaandaa meli yake LeShip kwenda Kisiwa cha Nyani, ndo hiyo Monkey Island, wewe unataka kujipenyeza humo ukijifanya zombi, na kazi yenyewe ni ya kudeki. Unadhani utaokota mopu pembeni uondoke? Thubutu. Mpini wake unatokana na mti wake maalum msituni, na mpaka uujue mti, uufikie na uukate umeshaongea na nusu ya mji. Ni upuuzi ila ni upuuzi wenye mantiki yake, kila hatua ukiipata unajisemea aah kumbe, huoni kwamba umeonewa. Gilbert aliandika makala mwaka 1989 kulalamikia gemu za adventure zinazokuua hovyo au kukukwamisha kwa kitu ulichokiacha nyuma, na hapa bado anaishika sheria yake, huwezi kujiharibia.

Ila kuna kitabu cha vidokezo. Unapewa na Voodoo Lady, yule mama mganga, na kinakaa mfukoni muda wote, ukikwama unakifungua, kinakupa kidogo, ukiomba tena kinaongeza, mpaka kinakupa jibu lote. Kimetengenezwa kwa akili sana, kinajua umefikia wapi na hakikuropokei ya mbele. Na hapohapo ndo ugomvi wangu nacho. Zamani ukikwama unalala nalo, unaamka nalo, uko kwenye shughuli zako jibu linakujia lenyewe, na ile raha haipatikani kama jibu liko mfukoni pembeni ya fuvu na kisu. Watu watasema si usikifungue. Haya, jaribu. Kwa mtu ambaye muda wake ni wa kuibia nakielewa, lakini kimepunguza utamu kwa wale ambao wangeweza kuvumilia.

Sura ni tano na hazilingani. Ya kwanza Mêlée, tamu, unazunguka sehemu unazozijua, Wally yupo, Carla yupo, Stan yupo na mikono yake ile isiyotulia, ila utaona duka fulani limechoka, mtu fulani amezeeka, na wale viongozi wa maharamia wa zamani wamepinduliwa na watatu wapya wanaojiona wa kisasa na uchawi wao. Ya pili ndani ya LeShip ni fupi na inachekesha mno, hasa pale kwenye kuwabembeleza mabaharia wapige kura upande wako. Ya tatu sina la kusema, imepita. Ya nne ndo gemu, bahari inafunguka, unapewa ramani, visiwa kama Brrr Muda kwenye barafu na Scurvy ambako Elaine, mke wa Guybrush, anapambana na kiseyeye kwa ndimu, unatafuta funguo za dhahabu na mafumbo yanaingiliana, hiki cha huku kinafungua cha kule, ukikwama hapa unatweka tanga unaenda kwingine. Hapo nililala usiku wa manane. Kisiwa cha Terror tu ndo kimenichosha, kuzunguka gizani bila utani wa kutosha. Afu ya tano inakuja haraka mno, nilikuwa bado nina hamu na bahari, ghafla tunafunga hesabu.

Sauti hazina mjadala. Dominic Armato ndo Guybrush, basi, tangu Curse mpaka leo anamtamka kama kijana anayejiamini bila sababu. LeChuck sasa hivi ni Jess Harnell kwasababu mzee Earl Boen alishastaafu, na nilikuwa na wasiwasi kweli ila baada ya muda mfupi nilisahau. Murray yule fuvu mwenye ndoto za kutawala dunia bado ni Denny Delk na bado ananivunja mbavu. Muziki ni Michael Land, Peter McConnell na Clint Bajakian, wote watatu, ule wimbo wa mwanzo ukipiga hata kama moyo wako jiwe utalegea.

Kitu ambacho sikukitegemea ni Elaine. Guybrush muda wote anaikimbilia siri, anadanganya watu, anaharibu vitu vya watu, anaahidi na kupita, na wewe mchezaji unafanya hayo yote kwa furaha maana gemu za adventure ndo zilivyo, unachukua chochote kisichofungwa. Afu kufikia mwishoni Elaine, bila hata kupaza sauti, anaanza kumuuliza mumewe kuhusu aliyoyafanya njiani, moja baada ya jingine. Ukiangalia upande wa pili LeChuck naye anaitafuta siri ileile kwa uchu uleule, na tofauti yao inazidi kuwa ndogo kadiri mnavyokaribia. Hakuna gemu la mfululizo huu lililowahi kumbana Guybrush namna hii, na lilinibana na mimi niliyekuwa nabofya.

Ndo maana mwisho wake umegawanya watu. Kuna walionuna wakasema wameibiwa. Jibu la siri lipo, unaliona kwa macho, na kuna namna kadhaa za kumalizia kutegemea unachochagua dakika zile za mwisho, ila kama ulikuwa unasubiri pambano kubwa na LeChuck akilipuka tena utakaa na kinyongo. Mi nilikaa kimya kidogo, nikarudia nikachagua tofauti, nikaona ndo mwisho pekee ambao Gilbert angeweza kuuandika baada ya ule wa 1991. Pambano lingekuwa dogo kuliko hili.

Lilianzia kwenye kompyuta na Switch, likaja PS5 na Xbox, na tangu 2023 lipo hadi kwenye simu. Kabla hujaanza cheza la kwanza na la pili, zile zilizofanyiwa ukarabati zipo, kile kitabu cha picha ndani ya gemu kinakukumbusha visa vya nyuma lakini kukumbushwa kitu usichokijua hakuna maana. Na ukishamaliza usifunge papohapo, rudi kwenye kitabu hichohicho cha picha uende hadi ukurasa wa mwisho, kuna barua ya Gilbert na Grossman humo, wale walionuna ndo waisome kwanza kabla hatujaendelea kubishana.