REF5040 kwenye kihisi cha mkao: uzoefu wangu Mombasa

Nimeitumia chipu ya REF5040, inayotoa volti 4.096 zisizoyumba (rejeleo, yaani kipimo cha kulinganishia), kulisha potenshiometa ya kuteleza ya kilo-omu 10 yenye mwendo wa milimita 100. Imefungwa kwenye valvu ya maji na inasomwa na Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), ndani ya kisanduku cha chuma kinachopigwa jua na upepo wa bahari. Naisifu, ila si kwa sababu inayowafanya wengi wainunue.

Wengi huanza na 7805, chipu ya kudhibiti volti 5. Ni rahisi kuipata, lakini volti zake zaweza kuwa popote kati ya 4.8 na 5.2, tena huhama kwa takriban milivolti 1 kwa kila nyuzi ya joto. Msimu wa kaskazi kisanduku kikipanda nyuzi 15 hadi adhuhuri, hiyo ni milivolti 15: kosa la milimita 0.3 hivi mwisho wa mwendo, ikiwa Uno inapima kwa rejeleo lake lingine. REF5040 ya daraja la kawaida haizidi sehemu 8 kwa milioni kwa kila nyuzi, na kwa joto hilohilo huhama nusu milivolti tu. Hesabu nayo ni nyepesi, kwani 4.096 ukigawa kwa hatua 1024 za Uno ni milivolti 4 kamili.

REF5050 ya volti 5 niliikwepa. Pini ya AREF (ambamo Uno hupokea rejeleo la nje) haifai kuzidi volti zinazoilisha Uno, na kwenye USB hizo mara nyingi hazifiki 5. REF5040 hutosheka na nyongeza ya volti 0.2 tu, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye 5 hiyohiyo.

Lakini utulivu mkubwa unaletwa na jinsi ya kuunga waya: REF5040 ilishe AREF na potenshiometa kwa pamoja. Vyote viwili vikila chungu kimoja, rejeleo likishuka asilimia 1, volti za mshale wa potenshiometa (ncha yake inayoteleza) nazo hushuka asilimia 1 na namba haibadiliki. Kwa kihisi cha namna hii hata chipu ya bei rahisi ingefanya kazi. Pesa ya REF5040 hulipa hasa pale kihisi kina ishara yake chenyewe, mfano cha miliampea 4 hadi 20. Ukiipitisha kwenye rezista ya omu 200 unapata volti 0.8 hadi 4.0, na hapo kuhama kokote kwa rejeleo kunaonekana moja kwa moja.

Katika kuifunga: pini 2 ni ya kuingiza, 4 ni ya chini (GND, volti 0), 6 ni ya kutoa. Weka kapasita ya µF 10 kwenye pini 6, ESR yake (ukinzani wake wa ndani) isizidi omu 1.5, na µF 1 kutoka pini 5 hadi chini ili kupunguza kelele. Kwenye programu, andika analogReference(EXTERNAL) kabla ya analogRead yoyote, la sivyo rejeleo la ndani litagongana na la nje. Usitie rezista ya kilo-omu 5 njiani kwa kujihami: AREF ina takriban kilo-omu 32 ndani, na volti 4.096 zitabaki 3.54 hivi.

Namba zikiruka mota ikizunguka, usiilaumu chipu. Ampea 2 kwenye mita 5 za waya wa chini wa milimita 0.75 za mraba huangusha volti 0.23 hivi. Kihisi kikishiriki waya huo, ni kosa la zaidi ya milimita 5. Kipe waya wake wa chini hadi kwenye bodi.

Kihisi cha Hall (cha sumaku) aina ya 49E usikilishe kwa hii moja kwa moja. Chaweza kula miliampea 10, na hapo chipu imefika kikomo chake.

Adui wa pwani ni kutu ya kijani. Omu 50 za kutu kwenye ncha moja ya potenshiometa ni nusu milimita, na waya wa AREF hauwezi kulifuta kosa hilo kwa sababu volti zinapotea baada yake. Kutu kama hiyo kwenye waya wa mshale haidhuru, kwani karibu hakuna mkondo unaopita. Kwa hiyo kagua ncha mbili kwanza, lehemu badala ya kukaza skrubu, kisha paka vanishi ya bodi.