Boksi la donati za chokoleti: unga mzuri, chokoleti hovyo

Niseme mapema ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake: unga wa hili boksi la kujipikia donati nyumbani ni mzuri kweli, kikatio chake kinafaa, karatasi ya maelekezo usiifuate yote, na ule mfuko wa chokoleti usiufungue kabisa. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu maboksi ya namna hii yapo mengi na yote yanafanana hata kwa picha: donati inayong'aa, mkono wa mtu, meza nyeupe.

Ndani unakuta gramu 500 za unga uliokwisha kuchanganywa na sukari, chumvi na maziwa ya unga, kipakiti cha hamira ya chapuchapu cha gramu 7, mfuko wa chokoleti ya kuyeyusha, na kikatio cha plastiki chenye duara mbili, kubwa na dogo. Yai, siagi, maziwa na mafuta ya kukaangia unatoa mwenyewe. Hapo niliguna. Ukishatoa hivyo vyote, walichokuuzia ni unga, sukari na kiboksi kizuri.

Lakini huo unga! Nyuma ya pakiti wameandika protini gramu 12 kwa kila gramu 100, yaani ni unga mkali wa mikate, si ule laini wa keki. Kwa donati za hamira hilo ni jambo kubwa. Protini hiyo ikipata maji na kukandwa hufanya utando unaovutika, na ndio unaoshikilia hewa ya hamira. Unga dhaifu unaumuka vizuri kwenye bakuli, halafu donati inasinyaa pale tu unapoinyanyua kuipeleka kwenye karai.

Maelekezo yanasema donge likinata ongeza unga. Usiongeze. Donge la donati lazima linate mwanzoni, kwa sababu lina yai na maziwa mengi, na kila konzi ya unga unayoongeza inakutoa kwenye donati na kukupeleka kwenye mkate mkavu. Endelea kukanda tu. Kwa mkono ni dakika kumi na zaidi, na mabega yatakwambia. Wao wanataka siagi iingie pamoja na vitu vingine vyote. Mimi naitia mwishoni, laini, kidogokidogo, donge likishaanza kushikamana, kwa kuwa mafuta yakitangulia utando unachelewa kujijenga. Utajua limeiva kukandwa ukikata kipande kidogo, ukakivuta taratibu kwa vidole vya mikono miwili mpaka mwanga upite bila kuchanika.

Kuhusu muda ndipo karatasi yao inapopotosha zaidi. "Acha saa 1," wameandika, nukta. Hamira haina saa. Donge lenye sukari na siagi nyingi huumuka polepole kuliko la mkate wa kawaida, maana sukari inainyang'anya hamira maji. Jikoni kukiwa na baridi, saa moja haitoshi. Kukiwa na joto kali, inaweza kuzidi. Angalia ukubwa: liwe maradufu. Ukishakata donati na kuziacha ziumuke mara ya pili, bonyeza ubavuni kwa ncha ya kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi taratibu na kuacha alama kidogo, washa jiko. Lisiporudi kabisa, zimepitiliza, na zitanywea kwenye mafuta. Tena maziwa yawe ya uvuguvugu, kama nyuzi 40 hivi. Yakikaribia nyuzi 60 unaiua hamira, na hakuna kusubiri kutakakoifufua.

Kikatio nimekipenda bila kutarajia. Kina makali ya kutosha, duara kubwa ni sentimita 8 na tundu ni sentimita 2.5, na hakijapinda hata baada ya kuoshwa kwa maji ya moto. Kishushe wima, kinyanyue wima. Ukikizungusha unaziba kingo za donati na inaumuka upande. Donge usilisukume likawa jembamba. Liache unene unaozidi sentimita moja kidogo. Vile vidonge vya katikati usivirudishe kukandwa, vikaange hivyohivyo, ndivyo vinavyogombewa nyumbani kwangu.

Kitu ambacho boksi halikitaji, na kingewagharimu mstari mmoja tu wa wino: kata vipande vya karatasi ya kuokea, kila donati ikae kwenye kipande chake wakati wa kuumuka. Ukifika kwenye karai unaishusha na karatasi yake. Baada ya sekunde chache karatasi inaachia yenyewe, unaiopoa kwa koleo. Vidole vyako havijaigusa donati wala hewa haijatoka.

Sasa kukaanga. Karatasi inasema "mafuta yawe na moto wa wastani." Wastani wa nani? Kwenye boksi la bei waliyoitoza wangeweza kutia kipimajoto cha kawaida, au angalau kuandika namba. Namba yenyewe ni nyuzi 180. Yakiwa chini sana, ganda linachelewa kufunga na donati inakunywa mafuta mpaka unayaona yakitoka ukiibana. Yakipanda kuelekea 200, nje inakuwa kahawia iliyoiva na katikati bado bichi. Kaanga mbili au tatu kwa wakati mmoja, kwa sababu kila donati unayotia inashusha joto, kisha subiri lipande tena. Upande mmoja ni kama dakika moja, geuza, dakika nyingine, toa uweke kwenye waya. Kama huna kipimajoto, nunua hicho kabla ya kununua boksi lolote. Nasema kwa kumaanisha.

Na hapa unga wao ulijipatia nyota zake. Donati zilielea juu, nusu nje ya mafuta, zikajigeuza kwa kijiti kimoja tu, na zote zikatoka na ule mkanda wa rangi hafifu kiunoni. Mkanda huo hautokani na mapambo. Ni sehemu ambayo haikuzama upande wowote, na inatokea pale tu donati inapokuwa nyepesi, imeumuka sawasawa. Nilipoipasua moja, ndani kulikuwa na nyuzinyuzi zinazovutika na mashimo madogo yasiyolingana, na mvuke ukatoka wenye harufu ya siagi.

Halafu ukafika mfuko wa chokoleti.

Soma viungo kabla hujauloweka kwenye maji ya moto: sukari, mafuta ya mimea yaliyogandishwa, kakao iliyopunguzwa mafuta, lesithini, ladha. Siagi ya kakao hamna. Chokoleti ya kweli inayeyuka mdomoni kwa sababu siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili. Haya mafuta mengine yanabaki yamekaza, yanagandia juu kwenye kaakaa. Ikikauka inafifia, na ukiuma inapasuka vigaevigae vinavyokuangukia mapajani. Binti yangu alitafuna, akanyamaza, akasema, "Mama, hii ina ladha ya mshumaa." Sikuwa na la kumjibu.

Ya kwangu ni hii, na inatosha donati za boksi zima. Yeyusha gramu 60 za chokoleti nyeusi na gramu 30 za siagi juu ya mvuke. Tia vijiko vitatu vikubwa vya maziwa ya moto kwa mkupuo mmoja, si matone, kwa kuwa maji kidogo huifanya chokoleti igande madongemadonge ilhali mengi huilainisha. Ongeza kijiko kimoja kikubwa cha asali kwa ajili ya kung'aa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kisha gramu 120 za sukari ya unga uliyoichekecha. Koroga mpaka itiririke kwenye mwiko kama utepe mnene. Ikiwa nzito, maziwa kidogo tena.

Chovya donati ikiwa na uvuguvugu, unaweza kuishika bila kuhamisha mikono. Ikiwa ya moto, chokoleti inateleza yote na kuingia ndani. Ichovye uso chini mpaka nusu, izungushe kidogo, inyanyue, acha tone la mwisho lidondoke, igeuze, uiache. Baada ya nusu saa hivi juu panakuwa na utando mwembamba mkavu, chini yake bado laini. Ukigusa kabla ya hapo alama ya kidole itabaki, na kila mtu nyumbani ataikana.

Kwa anayeanza, boksi lina faida moja: vipimo vya unga na hamira vimekwisha kupigwa, na asiye na mizani ya jikoni anaondokewa na nusu ya wasiwasi. Mwenye mizani anunue unga wa mikate na kikatio peke yake. Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa chokoleti.

Wanadai pia donati zinakaa siku tatu kwenye chombo kilichofungwa. Zinakaa, ndiyo, ila usiku wa kwanza tu ukipita zinakuwa zimekaza, na chokoleti inatoa jasho. Zikizidi, zigandishe kwenye friza bila kupakwa kitu, uzipashe moto taratibu siku unayozihitaji, ndipo uzichovye.