Silvia Niliyoinunua Ikiwa Tayari Imeongezewa Nguvu

Waya ulionifanya niandike haya ni mwembamba kama wa redio. Umekatwa nyuma ya dashibodi, umebaki urefu wa kidole kimoja, na ncha yake imeviringishiwa tepu nyeusi ya umeme ili isiguse chuma. Ulipaswa kuunganisha sensa iliyo kwenye ekzosi na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, kile kipimo cha duara chenye mwanga wa buluu ambacho muuzaji alinionyesha kwa fahari kama ushahidi wa jinsi gari lilivyotunzwa. Kwa miezi kadhaa nilikitupia jicho kila nilipokanyaga mafuta, nikiona mshale umetulia katikati, na moyo wangu ukatulia pia. Kumbe hakikuwa kikipima chochote.

Gari lenyewe ni Nissan Silvia S15, toleo la mwisho kabla kiwanda hakijaacha kuliunda mwaka 2002, kwa hiyo anayelitafuta leo atalikuta limekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa. Nilikuwa na magari mawili ya kuchagua: moja lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani, rimu ndogo na rangi iliyofifia, la pili lilikuwa na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) kubwa zaidi, klachi ngumu, shokomzoba za kurekebishwa kimo, na viti vya mashindano. Nilipiga hesabu kwamba vifaa hivyo vilikwisha kulipiwa na mtu mwingine, pamoja na ufundi wake, na kwamba kifaa cha namna hiyo hakirudishi bei yake gari likiuzwa. Hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu, na hata leo siikani.

Siku gari lilipoharibika nilikuwa napanda mlima mrefu, gia ya tatu, mguu umezama. Nilisikia sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, sekunde chache tu, kisha nguvu zikakatika na moshi wa kibuluu ukafunika kioo cha nyuma. Fundi alipopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, tatu zilisoma karibu bar 10 (bar ni kipimo cha shinikizo) kila moja, na ya nne haikufika 4. Alipofungua injini akanikabidhi pistoni mkononi: ule ukingo wa alumini ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kama kigae, na ningeweza kuingiza ukucha katika pengo lake.

Chanzo tulikiona jioni hiyohiyo. Katika mpira mwembamba unaotawala msukumo wa tabo, mtu alichomeka vali ndogo ya shaba, akaifunga nusu ili hewa iingie kwa nguvu zaidi, lakini kompyuta ya injini haikuwahi kupangwa upya, na nozeli zinazonyunyiza mafuta na pampu yake vilikuwa vilevile vya kiwandani. Petroli huungua yote inapopata hewa mara 14.7 ya uzito wake, lakini injini ya tabo inayovuta kwa nguvu zote huhitaji mafuta mengi kuliko hapo, karibu sehemu moja ya mafuta kwa 12 za hewa, ili yaipoze. Hewa ikizidi mafuta, joto hupanda, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, na mlipuko huo huigonga pistoni kama nyundo. Kipimo kile kingekuwa hai kingeniambia niondoe mguu. Aliyekata waya alijua kilichokuwa kikisomwa, vinginevyo asingejisumbua kuukata.

Nilimpigia simu muuzaji bila kumtukana, nikamwomba tu aniambie nani alifanya kazi ile na kwa vipimo gani. Akanijibu, "Mdogo wangu, gari kama hili huendeshwa, haliulizwi maswali," akakata simu. Sikudai fedha! Niliomba karatasi moja, au jina la gereji, na mtu aliyenishika bega siku ya mauzo akiniita ndugu hakuona kwamba nastahili hata hicho.

Haki inanilazimu niseme kwamba gari lile lilipokuwa zima lilikata kona kwa utulivu ambao sijaupata kwenye gari jingine lolote, na kwamba yule aliyefunga shokomzoba alikuwa fundi wa kweli. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba anunue lililoongezewa nguvu yule tu anayeonyeshwa risiti na rekodi ya kompyuta. Lakini kila nikiishika pistoni ile nafuta sentensi hiyo. Nunueni la kiwandani, mliongezee wenyewe.

Basi juzi nilikwenda kutazama Silvia nyingine, inayotangazwa kuwa ya kiwandani kabisa. Pembeni mwa kioo cha mbele, kwenye nguzo, niliona matundu mawili ya skrubu, mahali ambapo kipimo kiliwahi kufungwa. Damu ikanipanda, nikamuuliza mwenye gari palepale. Hakubisha. Aliingia ndani akatoka na boksi lenye tabo iliyofungwa kwenye gazeti, kompyuta ya pili, na daftari la shule lenye kila tarehe ya kazi na kila kipimo, akaniambia, "Ukitaka, lichukue pamoja na gari." Nimeliazima daftari hilo. Nimefika ukurasa wa tisa.