Bulldog na Grob G 120A kwa mafunzo ya marubani wa jeshi: uzoefu wangu kwenye nyanda za juu

Nimefundishia ndege zote mbili, na anayeuliza ipi bora huwa namrudishia swali: uwanja wako uko futi ngapi? Uwanja wa jeshi la anga wa Eastleigh, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto likigonga nyuzi 28, hewa ya pale huwa nyepesi kama ya futi 8,000 hivi. Injini zote mbili hazina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), kwa hiyo hakuna inayoponea hapo. Lycoming IO-360 ya Bulldog, yenye nguvu farasi 200, inabaki na kama 150. AEIO-540 ya Grob, yenye 260, inabaki na karibu 195. Kwa maneno mengine, mchana wa Nairobi Grob inakupa nguvu ambayo Bulldog huitoa Mombasa.

Ila uzito nao upo. Bulldog ikijazwa hadi mwisho ni kilo 1,066. Grob ni takriban 1,440. Ukigawa kilo kwa farasi, zinakaribiana sana. Grob inashinda kwa sababu magurudumu yanakunjwa na bawa lake la nyuzi za kaboni ni laini, halina vichwa vya riveti vya kuzuia hewa. Mwanafunzi akichelewa kukunja magurudumu baada ya kupaa, sehemu kubwa ya faida hiyo inapotea.

Magurudumu hayo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuichagua Grob. Rubani wa Jeshi la Anga la Kenya akitoka hapa anatazamia Tucano, ndege ya mafunzo ya hatua inayofuata, yenye propela inayozungushwa na injini ya turbini (turboprop) na magurudumu ya kukunja. Aliyezoea Bulldog, ambayo magurudumu yake yako nje muda wote, hana mkono unaotafuta lever ya magurudumu wala jicho linalotafuta taa tatu za kijani zinazoonyesha magurudumu yameshuka na kufungwa. Tabia hiyo haijengwi kwa mhadhara. Inajengwa kwa kurudiwa kila mzunguko wa kutua, tangu wiki za mwanzo. Waingereza nao walipoanza kubadilisha Bulldog kwa Grob G 115E mwaka 1999, walihamishia vipimo vikuu upande wa kulia, mwanafunzi ashike fimbo kwa mkono wa kulia na throtali kwa wa kushoto kama kwenye ndege za kivita. Uamuzi mzuri sana ule.

Kinachosumbua kila siku kwenye zote mbili ni mchanganyiko wa mafuta na hewa. Ukiuacha mzito kama wa pwani, injini inalishwa kupita kiasi, plagi zinashika madini ya risasi yanayotoka kwenye avigesi (petroli ya ndege), na ukifika kwenye kupima magneto, vifaa vinavyozalisha cheche za plagi, injini inatetemeka. Ikishawaka, iweke kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,200, vuta lever ya mchanganyiko polepole mpaka mizunguko ipande kisha ianze kushuka, na uiache hapo hapo. Ikiwa nyembamba kiasi hicho, mtu akisahau na kufungua throtali apae, injini itakwama mapema na kumkumbusha. Kabla ya kupaa panga upya ikiwa kwenye nguvu kubwa: punguza mpaka ingurume laini, halafu ongeza kidogo.

Kuwasha injini ya moto ni shida nyingine. Mafuta huchemka ndani ya mirija juu ya silinda, na wanafunzi wengi hukimbilia pampu, injini ikafurika. Usiguse pampu. Mchanganyiko ufungwe kabisa, throtali ifunguliwe kama sentimita moja, piga stata. Ikishika, sukuma mchanganyiko mbele huku ukirudisha throtali.

Kwa spini, yaani ndege kuanguka huku ikijizungusha, Bulldog ni mwalimu mkali na ninaiheshimu kwa hilo. Throtali funga, pedali ya upande wa pili wa mzunguko hadi mwisho, subiri kidogo, kisha fimbo mbele moja kwa moja mpaka mzunguko usimame. Anayesukuma fimbo kabla ya mguu anaifanya ndege izunguke kasi zaidi, na kwenye hewa nyepesi futi zinaliwa haraka.

Karakana ndiko Grob inakodai kazi zaidi. Bati la alumini la Bulldog fundi yeyote mzuri analitengeneza, na lenyewe hutoa taarifa: riveti iliyolegea huacha mchirizi wa vumbi jeusi nyuma ya kichwa chake. Kaboni ya Grob haikuonyeshi kitu. Unagonga kwa sarafu, na pale sauti inapogeuka kuwa butu, tabaka zimeachana ndani. Gundi ya kuziba inataka joto na muda uliopimwa, na ndege lazima ibaki nyeupe isipate joto la jua kupita kiasi. Jeshi lisilo na chumba maalumu cha kazi hiyo likijenge kabla ya kutia sahihi mkataba wa Grob. Na anayefikiria Bulldog za mitumba aombe kwanza rekodi ya uchovu wa mabawa, saa za injini baadaye, maana injini hufumuliwa ikarudi kazini lakini bawa lililomaliza umri wake ni la kubadilishwa.