Direla ya nyuma: nilinunua mara mbili

Baiskeli yangu ya milimani ni ya mtumba, gia tatu mbele, tisa nyuma. Siku moja nikishuka kutoka Morningside, hapa Morogoro, jiwe likaipiga direla, kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni. Mkono wake ukaingia kwenye spoku, gurudumu likagoma. Mteremko uliobaki niliumaliza kwa miguu, naburuta baiskeli kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Kariakoo nikakuta direla ya Shimano Deore iliyotumika, safi, bei poa. Muuzaji akaniambia, "Hiyo inaingia popote, kaka." Kuingia iliingia. Tatizo ilikuwa ya gia kumi, na shifta yangu, ile ya kubadilishia gia kwenye usukani, ni ya tisa. Shimano za milimani za gia kumi huvutwa waya kwa kipimo kingine, kwa hiyo nikiiweka sawa gia ya tatu, ya sita inakereza. Jumamosi nzima nilishinda na bisibisi nikijilaumu. Afadhali hata ningepata ya gia nane, maana za milimani za saba, nane na tisa mvuto wao ni mmoja.

Ndipo nikahesabu meno, kazi ambayo ingepaswa kutangulia. Mbele nina 42, 32 na 22. Nyuma ni 11 hadi 34. Tofauti ya mbele 20, ya nyuma 23, jumla 43. Huo ndio ulegevu wa cheni ambao direla inatakiwa iumeze. Shimano Alivio M3100 ya mkono mrefu humeza hadi 45, na sproketi kubwa, yaani gurudumu la meno la nyuma, inaruhusu mpaka meno 36. Nikachukua hiyo, mpya kabisa.

Fundi alikataa kuifunga kwanza. Alichukua gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine, akaingiza ekseli yake kwenye tundu la kisikio cha fremu kinachoshika direla. Nyuzi zake ni zilezile, milimita 10! Magurudumu mawili yakasimama bega kwa bega, na hata mimi nikaona moja limeinama, yaani kisikio kimepinda. Akalishika kwa mikono miwili, akalivuta taratibu hadi yakawa sambamba. Bila hivyo ningeirudisha Alivio dukani nikiitukana bure.

Sasa ni mwezi wa nne tangu ifungwe. Gia zinaingia kwa mlio mmoja, hata nikiwa nimesimama kwenye pedeli kupanda. Nayo imejibana chini ya sproketi, haitokezi nje kama ile ya zamani, na kwa njia zetu za mawe hilo ndilo nililolipenda zaidi. Klachi, ile ya kukaza mkono wa direla ili cheni isirukeruke, haina, nililijua hilo tangu dukani. Bomba la fremu upande wa cheni nimelizungushia tyubu kuukuu lisicharazwe.

Ile Deore bado iko kwenye droo. Mwenye shifta yake ya gia kumi aje tuongee.